Mikono ya Kumpokea Mtoto: Usingizi wa Wachanga Kusini mwa Nyanza

Ukitaka kujua kwa nini mama mwenye mtoto mchanga anasinzia akiwa amesimama kwenye foleni ya chanjo pale Migori mjini, anza na msichana wa miaka minane ambaye saa hiyo yuko darasani. Zamani mtoto angekuwa mgongoni mwake. Wajaluo humwita japidi: msichana wa ukoo, mara nyingi dada wa mtoto au mdogo wake mama, aliyeletwa kumlea mchanga mama akiwa shambani au ufuoni. Nilikuwa japidi kabla sijawa muuguzi. Na miaka yote niliyofanya kazi kliniki ya mama na mtoto, kila nilipoambiwa, "Sista, huyu mtoto hataki kulala," swali langu la kwanza lilikuwa: nyumbani mko wangapi?

Majibu yalibadilika nikiwa palepale kwenye kiti changu. Wachanga wenyewe ni walewale. Mtoto wa Awendo anaamka usiku kama alivyoamka bibi yake. Waliopungua ni watu wa kumpokea.

Nimezaliwa Karachuonyo, upande wa Kendu Bay, nchi iliyobahatika kuandikiwa mila zake mapema. Wamisionari Wasabato walifika Gendia mwaka 1906, na kutoka shule zao akapatikana Paul Mboya, mchungaji aliyekuwa pia chifu wa Karachuonyo. Mwaka 1938 alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha Kijaluo juu ya desturi za Wajaluo. Mwaka 1952 Simeon Ominde naye akatoa kitabu kuhusu msichana wa Kijaluo tangu uchanga hadi ndoa. Ukiviongezea vitabu hivyo masimulizi ya bibi zetu, unaipata nyumba ya zamani vizuri.

Katika nyumba hiyo mchanga hakuwa na kitanda chake. Alilala ubavuni mwa mama juu ya ngozi ya ng'ombe, moto ukifukuta karibu na moshi ukipunguza mbu. Mtoto wa kiume alitolewa nje siku ya nne, wa kike siku ya tatu. Akiamka usiku alipewa ziwa, na mara nyingi mama mwenyewe hakuamka sawasawa. Hakuna aliyehesabu ameamka mara ngapi. Alipopata mdogo wake, alihamia siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, akalala na watoto wenzake. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao Siaya cha mwaka 1989, wanamweleza mzee huyo kwa jina la pim: mara nyingi mgeni katika ukoo, aliyekuja kukaa na watoto, kuwalea na kuwafundisha habari za watu na nchi. Wao waliandika juu ya ng'ambo ya ghuba, lakini nasi upande wa huku tulilala vivyo hivyo. Miguu yangu ilijua joto la wengine kabla haijajua blanketi.

Na yule asiyenyamaza kabisa? Mchanga aliyelia usiku baada ya usiku, amenyonya, hana homa, wazee walisema kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Bibi alimpakata akaanza kuwataja waliotangulia, mmoja mmoja, bila haraka. Jina lililomkuta mtoto akitulia ndilo alilobaki nalo, kando ya jina lake la saa ya kuzaliwa, Otieno wa usiku au Onyango wa asubuhi jua likipanda. Nimeandika majina mengi ya namna hiyo kwenye kadi za kliniki. Nikiitazama desturi hiyo kwa jicho la uuguzi, naona jambo ambalo halisemwi: usiku ulipokuwa mgumu kuliko zote, mama aliyechoka alikaa pembeni. Mtoto alikuwa mikononi mwa mtu mwingine, tena kwa muda mrefu, akisikia sauti moja ya taratibu. Mama alipata kulala.

Sisemi yote yalikuwa mazuri. Mtoto akilia baada ya mgeni kupita, walikuwapo waliomshuku mgeni kuwa na sihoho, jicho baya, na shuku hiyo ilivunja ujirani wa watu wengi wasio na hatia. Hilo silitamani lirudi.

Kazi ya japidi ilikuwa na ufundi. Unainama mpaka mgongo ulale sawa, mtu anakuwekea mtoto. Unamsogeza kwa nyonga hadi miguu yake ikumbatie kiuno chako. Shuka unalivuta kwanza chini ya makalio yake, kisha juu ya mabega, ndipo unafunga fundo kifuani. Fundo likilegea, kichwa kinaning'inia. Likikaza mno, anakosa nafasi ya kupumua na kilio kinaanza upya. Halafu unatembea, hatua fupi za palepale, mguu mmoja ukikanyaga kwa uzito kuliko mwingine, mkono nyuma ukimpigapiga kwa kufuata mguu, na wimbo usio na mwisho. Uwanja wetu ulikuwa kivuli cha dero, ghala la nafaka. Akisinzia, humshushi. Unangoja mpaka kichwa chake kikulemee begani. Hapo ndipo usingizi umemwingia. Nilijua pia kutenganisha vilio. Cha njaa kilinipeleka mbio shambani kwa mama. Cha usingizi nilikimaliza mwenyewe, na nilijivunia.

Wavulana nao walilea. Carol Ember, mwanaanthropolojia wa Marekani, alifanya utafiti Oyugis mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliwachunguza wavulana ambao, kwa kukosa dada mkubwa nyumbani, walipewa kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana, kulea ikiwa mojawapo. Katika makala yake ya mwaka 1973 alionyesha kwamba wavulana hao hawakuwa wakali kama wenzao. Ningependa kila baba kijana wa Rongo na Ndhiwa aisikie habari hiyo, maana wengi huniambia kubembeleza mtoto si kazi ya mwanaume wa Kijaluo. Imekuwa kazi yake tangu zamani, palipokuwa na haja.

Majirani zetu wamechunguzwa zaidi kuliko sisi. Robert LeVine na wenzake walikaa kwa Abagusii, ambao ni wapakani wetu, miaka ya 1950 na tena ya 1970. Mama wa Kigusii walipoonyeshwa picha za video za mama wa Kimarekani, walisikitika kuona mtoto anaachwa alie muda mrefu kabla ya kuinuliwa. Kule Kokwet, kwa Wakipsigis, Charles Super na Sara Harkness walilinganisha usingizi wa wachanga wa kijiji na wa Marekani. Wa Marekani, wakifika miezi minne hivi, walikuwa wanaelekea kulala saa nane mfululizo. Wa Kokwet waliendelea kuamka na kunyonya kwa miezi mingi, na hakuna aliyeona ni ugonjwa. Sababu naielewa: mama wa Kokwet hakumaliza usiku akijua kwamba mchana wote uliobaki ni wake peke yake.

Ushauri unaoingia kwenye simu za binti zetu umetoka kwenye nyumba ya aina nyingine. Daktari Emmett Holt wa New York aliandika mwaka 1894 mwongozo wa kutunza na kulisha watoto, akahimiza ratiba kali na kutomkimbilia mtoto kila anapolia. Mwaka 1985 Richard Ferber wa Boston akaandika njia ya kumzoesha mtoto alale mwenyewe kwa kumwacha alie kwa vipindi vinavyoongezwa. Njia hizo zilitungwa kwa mtoto mwenye chumba chake. Zipeleke kwenye ploti ya chumba kimoja hapa Migori, mabati yakiwa paa na pazia likigawa kitanda na jiko, majirani pande zote mbili wakiamka saa kumi kwenda sokoni. Mtoto akiachwa alie humo, ploti nzima inakesha.

Sasa mikono ilikwenda wapi? Wa kwanza kuondoka walikuwa wanaume. Kodi ya nyumba ya mkoloni ilidai fedha taslimu, na fedha zilikuwa Kericho kwenye majani chai, Mombasa, au Macalder kwenye machimbo yaliyofungwa mwaka 1966. Kwa usiku wa mtoto pengo halikuonekana mara moja, lakini mashamba yote yaliangukia wanawake. Baadaye Kuria wakapanda tumbaku, na mwaka 1979 ikaanzishwa kampuni ya sukari ya Sony pale Awendo. Kazi za palizi na mavuno zikazidi, na mikono ikawa ileile.

Kisha shule ikamchukua japidi. Mwaka 1974 serikali ilifuta karo ya madarasa manne ya kwanza, na Januari 2003 elimu ya msingi yote ikawa bila malipo. Nchi nzima watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani mwaka huo. Nakumbuka kliniki ya miezi hiyo: mama walianza kuja wenyewe na mchanga, na mkubwa wake wakimburura mkono. Mimi ni zao la shule. Bila karo aliyonilipia mjomba ningezeekea chini ya lile ghala nikiwabembeleza wadogo wa watu. Kwa hiyo siwezi kumtaka msichana yeyote arudi huko. Ninachodai ni kwamba tulipomtoa, hatukuweka mtu mahali pake.

Bibi naye alikuwa akiandamwa na mzigo mwingine. Ukimwi ulilikumba eneo letu kuliko sehemu nyingine za Kenya. Makadirio ya taifa ya mwaka 2014 yaliweka Homa Bay kwenye takriban robo ya watu wazima wanaoishi na virusi. Bibi ambaye angemshika mjukuu mmoja jioni alijikuta ana watoto wa marehemu wanawe watatu, wa kulisha na kuvisha. Nyumba yake ikawa siwindhe kwa nguvu. Kumwomba aje mjini akae na mchanga wa binti mwingine lilikuwa ombi zito.

Lipo jambo moja katika historia hii linalonipa furaha bila kizuizi. Bibi yangu hakuwahi kunung'unika kwamba mtoto hamwachi alale. Kilio cha usiku kando ya ziwa kilimaanisha kupapasa kipaji cha uso kwanza. Malaria ilizika wachanga wengi mno, na mama aliyekesha alikesha kwa hofu. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa yaliyofanyika Asembo, Siaya, miaka ya 1990 yalithibitisha kwamba chandarua kinaokoa uhai wa watoto; mwaka 2006 vikagawiwa bure kwa watoto wadogo kwa mamilioni. Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ikazinduliwa Kenya hapahapa kwetu, kaunti ya Homa Bay, na Migori ikiwa miongoni mwa kaunti zilizotangulia kuipata. Mama wa leo anaponiambia shida yake ni usingizi tu, hiyo "tu" nimeifanyia kazi maisha yangu yote. Hata hivyo homa ipimwe bado. Mchanga mwenye joto, anayekataa kunyonya au aliyelegea, hangoji asubuhi.

Yaliyobaki huwaambia kwa ufupi. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama pekee. Uji mwepesi wa jioni, ambao bibi zetu waliuamini sana kwa kuleta usingizi, unamletea kuhara. Dawa ya mafua inayolewesha isitumike kamwe kumlaza mtoto. Alale chali, chini ya neti, mahali tambarare pasipo mito. Mchana apate mwanga na kelele za kawaida, usiku taa iwe hafifu na maneno machache. Na mama alale mchana mtoto akilala. Hapo ndipo kila mmoja hunitazama kwa macho ya kuniuliza: nani atafua?

Mbita ndiko nimeona jibu linalofanya kazi. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na mashua zinarudi alfajiri. Mwanamke asiyekuwa ufuoni saa hiyo anapata mabaki. Mwenye mchanga amekesha akinyonyesha, na jua likichomoza anapaswa kuwa anaanika. Karibu na ufuo mmoja yuko mjane mzee anayepokea watoto kuanzia saa kumi na moja. Mama anarudi kunyonyesha kila anapoitwa, na samaki wakishakauka anajilaza saa mbili tatu palepale kwenye mkeka wa mzee, mwanawe akiwa kwa mwingine. Malipo ni shilingi chache, au kigorogoro cha omena siku ambayo hakuna fedha. Nilipomtembelea alikuwa na neti moja iliyotoboka na ndoo ya maji isiyo na kifuniko, na choo alitumia cha kanisa. Kamati ya ufuo imemwahidi kibanda cha mabati. Nimewaandikia watu wa afya wa kaunti nikiomba neti, tangi la maji na mhudumu wa afya ya jamii wa kupita hapo kila wiki kupima joto la watoto, na barua hiyo nitaifuatilia kwa miguu yangu mpaka ijibiwe.