Upimaji wa nyuzi za bolti
Fundi wa lethi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki anayetengeneza mashine za chai na kahawa hapaswi kutegemea kipenyo cha nje pekee. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi na pembe ya digrii 55. Ile ya Kimarekani yenye nyuzi pana ina 13 na digrii 60. Kwa vania, zote husoma takriban milimita 12.7. Wapo wanaosema nati ikiingia yatosha. Haitoshi hata kidogo: nati iliyolika huingia pia kwenye nyuzi zilizokatwa kupita kiasi. Mzigo hubebwa na mbavu za nyuzi, kwa hiyo hizo ndizo za kupimwa, kwa maikromita na nyaya tatu zilizolazwa kwenye mifereji ya nyuzi. Kwa bolti ya M12 yenye hatua ya milimita 1.75, waya unaofaa zaidi una unene wa milimita 1.01.