Mtaalamu na Kutengwa kwa Mgonjwa wa Akili: Usomaji Mpya wa Takwimu za Mathari, Kenya

Kutengwa kwa wagonjwa wa akili huelezwa mara nyingi kama kosa la jamii: majirani wanaowacheka, ukoo unaowaficha, mwajiri anayewafukuza. Historia ya Hospitali ya Mathari jijini Nairobi inadhihirisha chanzo kingine kisichotajwa sana, yaani maarifa ya mtaalamu mwenyewe.

Mathari ilianza mwaka 1910 kama kituo cha kuwazuilia walioitwa wendawazimu, na wagonjwa walitenganishwa kwa misingi ya rangi. Mwaka 1938 usimamizi wake ulikabidhiwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ambaye wakati huo hakuwa na mafunzo maalumu ya tiba ya akili. Alidumu hapo hadi 1950.

Katika makala aliyoichapisha mwaka 1947, Carothers aliwachunguza Waafrika waliolazwa Mathari kati ya 1939 na 1943. Alipolinganisha idadi yao na ya Waafrika wote nchini, alihitimisha kwamba wazimu ulikuwa nadra miongoni mwao, hasa kwa walioishi makwao, na kwamba ulizidi kwa waliofanya kazi mbali na kwao. Kwa maoni yake, maisha ya asili yalimkinga Mwafrika, kuyaacha kulimvuruga.

Hitimisho hilo linategemea swali ambalo halikupewa uzito: ni nani aliyefikishwa Mathari? Mgonjwa aliyekuwa na jamaa wa kumlisha na mganga wa kumtibu angeweza kuugua maisha yake yote bila kuandikwa popote. Kibarua wa mjini au wa shamba la mlowezi hakuwa na kinga hiyo. Alipougua, aligeuka usumbufu kwa mwajiri na shauri la polisi. Hivyo basi, takwimu zilipima zaidi njia za kumfikisha mtu hospitalini kuliko ugonjwa wenyewe. Matokeo ya kutengwa yalisomwa kama tabia ya akili ya Mwafrika.

Athari zake hazikuishia wodini. Katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, Carothers alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na madai ya ardhi na uhuru yakafunikwa na lugha ya maradhi.

Katika mlolongo huo wote, mgonjwa alihesabiwa bila kusikilizwa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 2022 yanamtambua kuwa mwenye haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Haki hiyo itakuwa na maana pale tu kauli yake itakapoingizwa katika rekodi na kupewa uzito wa ushahidi. Vivyo hivyo, mtafiti anayetumia kumbukumbu za hospitali hana budi kuanza kwa kuuliza ni nani aliyeziandika, na ni nani aliyeachwa nje.