Kuzimikia

Mwaka 1999 Kenny Chesney, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alitoa "She Thinks My Tractor's Sexy", wimbo uliotungwa na Jim Collins na Paul Overstreet: mkulima analima, na binti amekolea kwa trekta lake. Magari mengine hayamshtui kabisa.

Kwetu neno lake lipo: kuzimikia. Taa huzimika, moto huzimika. Ongeza kauli ya kutendea, na tayari mtu amemzimikia mwenzake, hana habari na dunia. Neno la vijana hili, nami nalipenda kuliko "kuvutiwa", ambalo ni baridi mno.

Kichekesho chote cha wimbo ule kinaenea katika silabi moja. Badala ya amemzimikia, sema amelizimikia: mkulima katoka, trekta limeingia.