Vyombo Vipya Darasani na Watunzaji Wake

Katika kijitabu hiki cha yubile wasomaji watakuta habari za maaskofu, za makanisa, na za wale waliotutangulia katika kazi. Sisi twataka kuandika habari za mtu ambaye mara nyingi husahauliwa, ndiye mtunza vitabu wa shule, pamoja na vyombo vilivyoletwa darasani zamani na sasa. Vingine vilikaa, vingine vilipita. Nasi tumeona kwamba sababu ya kukaa au kupita haikuwa ubora wa chombo tu, bali mkono ulioruhusiwa kukishika.

Kabla ya misheni kufika, pwani yetu ilikuwa na vyuo vyake. Mtoto alipewa ubao, kalamu ya mwanzi na wino; akiisha kulijua somo lake, aliuosha ubao kwa maji, akaandikiwa jingine. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tenzi zilinakiliwa kwa mkono. Basi mtu asidhani kwamba kusoma kulianza kwetu siku ile Wazungu waliposhuka pwani.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dr. Steere wa U.M.C.A. walifika Unguja. Seyyid Majid, aliyekuwa Sultani, akampa Askofu watoto watano wanaume waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Na huo ndio uliokuwa mwanzo wa shule. Mmoja wao, John Swedi, alipata ushemasi mwaka 1879. Lakini hapa twataka kusema habari za mtambo wa kupiga chapa, maana Dr. Steere aliijua kazi hiyo, akawafundisha vijana.

Msomaji wa leo huenda asijue kazi hiyo ilivyokuwa. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi, na uso wake umegeuzwa, kama mtu ajitazamaye katika kioo. Mpangaji alishika kibao chembamba kwa mkono wa kushoto, akaokota herufi moja moja kwa mkono wa kuume, akazipanga mpaka mstari ukajaa. Kisha mstari wa pili, na wa tatu, hata ukurasa ukatimia. Ukapakwa wino, ukakandamizwa juu ya karatasi. Kijana aliyefanya kazi hiyo hakuweza kulipita neno bila kulitazama, wala sentensi bila kujua ilikoishia. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa somo kuu kuliko mengi yaliyofundishwa kwa kukariri. Mwaka 1867 maneno ya Kishambala yaliyokusanywa na Dr. Steere yalipigwa chapa papo hapo Unguja.

Na tuangalie yaliyofuata. Mwaka 1887 Bwana A. C. Madan, ambaye baadaye alitunga kamusi za Kiswahili, alitoa London kitabu kiitwacho Kiungani. Ndani yake mna habari zilizoandikwa kwa Kiswahili na wanafunzi wa shule ya Kiungani wenyewe, Wayao, Wanyasa na wengine, kisha akazifasiri. Waliandika jinsi walivyotekwa, jinsi walivyouzwa kutoka mkono hata mkono, na jinsi walivyofika baharini. Mwaka uliofuata, 1888, likaanza gazeti la Msimulizi, lililoleta habari za shule na makanisa, na walimu wa bara walilipelekea barua zao. Miaka michache tu, na watoto waliohesabiwa kama bidhaa sokoni walikuwa na maneno yao katika karatasi iliyopigwa chapa. Hatujui chombo kingine kilichofanya kazi kubwa kama hiyo katika shule zetu.

Sasa tuvuke miaka karibu hamsini, tupande milima ya Usambara. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misheni, likisaidiwa na fedha za Carnegie Corporation ya New York, lilianzisha kazi ya kutengeneza sinema za mafundisho kwa Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, karibu na Korogwe. Wakuu wake walikuwa Major Notcutt na Bwana Latham. Picha zilifundisha habari za chai, za malaria, za minyoo, za kuweka akiba posta. Ili kila nchi isikie lugha yake, sauti ilitiwa katika sahani za santuri peke yake. Picha ile ile ikaonyeshwa kwa Kiswahili hapa, na kwa Kinyanja kwingine. Ilikuwa akili njema, lakini ilikuwa na taabu yake: filamu ikikatika na kuungwa tena, picha hutangulia na sauti hubaki nyuma, na mtu akaonekana amefumba kinywa huku anasema!

Lori lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu walikuja kwa wingi kutazama. Sinema 35 zilitengenezwa; na mwaka 1937 kazi ikakoma, kwa kuwa fedha zilikwisha na serikali za nchi hizo hazikukubali kuchukua mzigo. Lakini sisi twaona upungufu mwingine. Waafrika walicheza katika picha, na walitia sauti zao; mashine haikuachwa shuleni. Lori lilipoondoka liliondoka nayo, na mwalimu akabaki na chaki yake.

Masanduku ya vitabu ya East African Literature Bureau, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948, hayakuwa na ajabu yoyote ya kutazamwa. Hata hivyo yalikabidhiwa mtu wa mahali hapo, naye akajua nani amekopa nini, na nani harudishi.

Tumefika siku zetu. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali ya Tanzania iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa. Kuna na chombo kingine, kidogo kuliko Kitabu cha Sala: kompyuta ndogo yenye kadi isiyozidi ukucha, ambamo programu iitwayo Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, huweka Wikipedia nzima ya Kiswahili na vitabu vingi zaidi. Chombo hicho hutoa mawimbi yake chenyewe, na wanafunzi husoma pasipo intaneti wala kununua bando. Mtunza vitabu ndiye hukiwasha asubuhi, hukilinda na vumbi, na huonyesha namna ya kutafuta.

Naye atafanya uvumbuzi upesi. Mtoto hutafuta kwanza jina la kijiji chake. Na mara nyingi halimo. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huandikwa na watu wanaojitolea, na pasipo mwandishi hapana ukurasa. Mtunza vitabu aweza kumwambia kwamba kitu hakimo, akafunga. Aweza pia kuwapeleka watoto kwa wazee, wakaulize na kuandika, kisha siku mtandao unapopatikana akasimamia ukurasa uingizwe pamoja na vyeti vya habari zake, maana usio na ushahidi hufutwa. Faili za Kiwix hutengenezwa upya mara kwa mara, na ukurasa ulioandikwa hivyo husomwa katika kadi ijayo, Tanga na Kisumu pia.