Mazimbu: Kumbukumbu za SOMAFCO Zilizobaki Morogoro

Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ilijengwa kwa ajili ya watoto waliokimbia nchi yao. Hapo Mazimbu, palipokuwa shamba la mkonge, ndipo chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipofungua shule mwaka 1978.

Chanzo chake ni Soweto. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana, polisi wakawafyatulia risasi, na katika miezi iliyofuata vijana wengi wakavuka mipaka. Walifika uhamishoni bila kumaliza masomo, nao viongozi wa ANC hawakuwa wamejiandaa kulea vijana wengi kiasi hicho. Tanzania ikatoa ardhi, na jina la Mama Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, bado linatajwa kwa heshima habari hiyo inaposimuliwa. Tarehe 6 Aprili 1979 makaburu walimnyonga Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC mwenye miaka 22, mjini Pretoria. Shule ikapewa jina lake na kujulikana kwa kifupi kama SOMAFCO.

Ilianza katika nyumba chakavu za shamba. Baadaye, chini ya usimamizi wa mhandisi Oswald Dennis na kwa misaada kutoka nchi za Skandinavia, Uholanzi na kwingineko, kikainuka kitongoji kizima: madarasa, mabweni, hospitali, kituo cha watoto wadogo cha Charlotte Maxeke, kiwanda cha samani cha Vuyisile Mini, mashamba ya mahindi, mazizi ya ng'ombe na nguruwe. Wanafunzi walisoma na kushika jembe. Mwaka 1985 Oliver Tambo, rais wa ANC, aliifungua shule rasmi, wakati huo Dakawa nako kukiwa kumeanza makazi mengine ya ANC.

Siasa zilipobadilika Afrika Kusini, watu wakaanza kurudi kwao. Julai 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa Serikali ya Tanzania. Nyaraka za shule zilifungashwa zikapelekwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, alikosoma Tambo mwenyewe. Ulikuwa uamuzi wa busara. Kutokana na nyaraka hizo watafiti Sean Morrow, Brown Maaba na Loyiso Pulumani waliandika historia ya shule hiyo, iliyochapishwa mwaka 2004.

Lakini majalada ya ofisi huhifadhi yale ambayo ofisi iliyajali: mihtasari ya vikao, ripoti, orodha, barua kwa wafadhili, tena kwa Kiingereza. Waashi, madereva, wapishi na vibarua wa Morogoro waliofanya kazi Mazimbu wana historia yao, na wanaisimulia kwa Kiswahili. Wanayo pia wanawake wa Kitanzania waliozaa na Wasauzi, wengine kwa ndoa, ambao baadhi yao waliachwa na watoto wakati wenzi wao walipoondoka. Arianna Lissoni na Maria Suriano waliwahoji wanawake hao na kuchapisha utafiti wao mwaka 2014. Kazi hiyo inastahili kuendelezwa, maana watoto wale sasa ni watu wazima, na kwa baadhi yao picha moja ya baba akiwa na wenzake shuleni yaweza kuwa ndiyo kiungo pekee cha ukoo.

Ndiyo maana naamini kwamba urithi wa SOMAFCO hauwezi kukamilika Fort Hare peke yake. Makaburi ya wana-ANC waliofia uhamishoni yako Mazimbu, na jamaa na viongozi kutoka Afrika Kusini huja kuyazuru. Majengo yako Mazimbu. Mashahidi nao wako hapa, lakini si kwa muda mrefu: aliyekuwa na miaka 16 mwaka wa Soweto alizaliwa 1960, na fundi aliyemjengea bweni huenda ni mkubwa kuliko yeye. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilishaonyesha njia kupitia mradi uliopewa jina la Hashim Mbita, ambao mwaka 2014 ulitoa majuzuu tisa ya historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, yakiwemo masimulizi ya walioshiriki. Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichorithi madarasa hayo, kingefanya jambo jema kutenga chumba pale kampasi, kurekodi sauti za wazee na kunakili picha na barua kisha kuwarudishia wenyewe.

Nawe msomaji wa Morogoro, Dakawa au Kilosa, kama kwenu kuna picha, barua, cheti au sare ya SOMAFCO, usisubiri mradi. Muulize mama au babu waliomo pichani ni akina nani, mwaka gani, mahali gani. Andika majina nyuma ya picha kwa penseli, ipige nakala kwa simu, na uwatumie ndugu zako wote.