Jiwe la Manono: Hati na Ujuzi katika Historia ya Lithiamu ya Kongo

Katika maandishi mengi ya siku hizi, lithiamu ya Manono husimuliwa kana kwamba ilianza kuwepo pale wawekezaji wa ng'ambo walipokuja kuipima kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Usimulizi huo una kasoro. Mwamba unaobeba lithiamu hiyo ulichimbwa na wazee wetu kwa zaidi ya nusu karne, ila waliowaajiri walikuwa wakitafuta kitu kingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sera ya madini ya nchi yetu, tangu ukoloni hadi leo, imeshughulika sana na swali la nani mwenye jiwe, na kwa nadra sana na swali la jiwe hilo ni nini na lifanyiwe kazi gani.

Manono ni mji wa jimbo la Tanganyika, katika Katanga ya zamani. Kampuni ya Kibelgiji iitwayo Géomines, iliyoundwa mwaka 1910, ilianza kuzalisha kasiteriti huko mnamo 1919. Kasiteriti ndiyo jiwe linalotoa bati. Katika miaka ya 1930 kampuni ilijenga kituo cha umeme wa maji huko Piana-Mwanga, kwenye mto Luvua, na mjini kulikuwa na mtambo wa kuyeyushia bati. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, mataifa yaliyokuwa yakipigana nayo yalipoteza sehemu kubwa ya bati lao la Asia, na bati la Kongo likapanda thamani.

Kasiteriti ya Manono imo ndani ya mwamba uitwao pegmatiti. Ndani ya mwamba huohuo mna spodumeni, ambayo ndiyo jiwe la lithiamu. Sehemu ya juu ya mwamba ilikuwa imelainishwa na mvua na joto la karne nyingi; hiyo ndiyo iliyochimbwa na kuoshwa. Mabaki yalirundikwa pembeni hata yakawa vilima vinavyoonekana kutoka mbali. Sehemu ya chini, iliyo ngumu na yenye spodumeni nyingi, iliachwa. Wanajiolojia walijua kwamba lithiamu imo. Lakini betri ya lithiamu-ioni inayoweza kuchajiwa tena na tena iliingia sokoni mwaka 1991 tu. Thamani ya jiwe iliamuliwa mahali pengine na wakati mwingine. Ndiyo maana kitu kilichoitwa taka zamani huitwa leo madini ya mkakati.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1960, swali la kwanza lilikuwa la umiliki, na lilikuwa swali la haki. Manono yenyewe ililipia kwa damu: wakati Katanga ilipojitenga, mji uliangukia mikononi mwa wapinzani wa Tshombe mwanzoni mwa 1961, kisha ukatekwa tena na jeshi la Katanga mwezi Machi mwaka huohuo. Tarehe 7 Juni 1966 ilitolewa Sheria Bakajika, iliyorudisha kwa taifa haki zote za ardhi na za madini yaliyomo ndani yake, zilizokuwa zimegawiwa kwa makampuni wakati wa ukoloni. Mwaka 1968 ikaundwa Congo-Étain, baadaye Zaïretain, ambamo serikali ilishirikiana na Géomines.

Hati ilikuwa imebadilika, lakini kazi haikubadilika. Kampuni mpya iliendelea kutafuta bati lilelile, kwa mitambo ileile iliyozidi kuchakaa. Bei ya bati ilipoporomoka duniani mwezi Oktoba 1985, mji haukuwa na zao jingine la kuusaidia. Vita vya 1998 hadi 2003 vilimalizia kilichobaki: majengo yalibomolewa, umeme ukakatika, na wachimbaji wa mikono wakabaki wakipekua mabaki ya wakoloni kwa koleo na karai.

Sheria ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002 iliandikwa ili kuwavuta wawekezaji katika nchi iliyochoka. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 iliirekebisha kwa nia ya kuliongezea taifa pato: hisa za bure za serikali zilipanda kutoka 5% hadi 10%, na mrabaha wa madini ya mkakati ukawekwa kuwa 10%. Sehemu ya 15% ya mrabaha iliwekewa maeneo ya wenyeji wa machimbo. Hayo ni maendeleo yasiyopaswa kudharauliwa. Hata hivyo, agizo la Novemba 2018 liliyataja madini ya mkakati kuwa kobalti, koltani na germani. Lithiamu haikutajwa, ingawa upimaji wake ulikuwa ukiendelea Manono wakati huohuo.

Matokeo ya upimaji huo yalikuwa makubwa. Kampuni ya Australia, AVZ Minerals, ilitangaza tani milioni 400 za mwamba wenye wastani wa 1.65% ya oksidi ya lithiamu, yaani kilo kumi na sita na nusu katika kila tani. Papo hapo ugomvi wa hati ukaanza. Cominière, kampuni ya serikali iliyorithi haki za Congo-Étain, iliiuzia Zijin ya China hisa 15% mwaka 2021, na AVZ ikapinga. Mapema 2023 waziri wa madini alifuta kibali, na mashauri yakafikishwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Mwaka huohuo sehemu ya kaskazini-mashariki ilipewa kampuni ya pamoja ya Zijin na Cominière. Julai 2025 KoBold Metals ya Marekani nayo ilitia sahihi makubaliano ya awali na serikali. Kwa miaka hiyo yote ya mabishano, mkazi wa Manono hakupata mrabaha wowote wa lithiamu, kwa maana mrabaha hulipwa kwa jiwe lililouzwa.

Katika makubaliano hayo ya Julai 2025 mlikuwa na kipengele kimoja kinachomhusu mwanahistoria kuliko vyote: kuziingiza katika kompyuta nyaraka za jiolojia za enzi ya ukoloni zilizohifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Basi hata leo, anayetaka kujua kilichomo chini ya ardhi yetu hulazimika kwanza kubisha hodi Ulaya. Sheria Bakajika ilirudisha jiwe. Haikurudisha maarifa ya jiwe.

Kwa upande mwingine, Aprili 2022 kilifunguliwa Lubumbashi kituo cha Afrika cha utafiti wa betri, na mwezi huohuo Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza betri pamoja. Hatua hizo zina maana, kwa kuwa zinauliza swali la pili, lile la ujuzi. Lakini kituo bila umeme wa kutosha huko Manono, bila barabara ya kufikia reli na ziwa, na bila nakala za nyaraka katika vyuo vyetu, hakitazuia spodumeni isisafirishwe ikiwa mbichi, kama kasiteriti ilivyosafirishwa mara nyingi kabla yake.

Kwa hiyo tunaona kwamba mkataba wowote wa lithiamu ungefaa kupimwa kwa mambo mawili. La kwanza, asilimia ya taifa, kama tulivyozoea. La pili, nani atabaki na michoro, vipimo na mafundi siku bei itakapoanguka. Wazee wa Géomines walibaki na vilima vya mabaki. Tukiwa warithi wao, tunawajibika kuuliza mapema wajukuu wetu watabaki na nini.