Cheti cha Awali cha Fundi wa TEHAMA (Kisii na Nyamira)

Cheti cha awali cha fundi wa TEHAMA huthibitisha kwamba mwenye nacho anaweza kuunganisha, kukarabati na kutunza kompyuta, printa na mitandao midogo, na pia kumsaidia mtumiaji aliyekwama. Katika eneo la Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, kitovu cha mafunzo ya ufundi ni Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kisii, zamani Taasisi ya Teknolojia ya Gusii.

Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya 2013 iliunda baraza la mitaala, upimaji na utoaji vyeti (CDACC), linalopima umahiri kwa vitendo. Ni hatua njema, kwani waya uliokatika haurekebishwi kwa insha. Mwanafunzi hupelekwa pia kwenye mafunzo kazini. Hapo ndipo hujifunza subira mbele ya karani mwenye foleni ndefu.

Mbali na vyeti vya nchini, cheti cha kimataifa kinachojulikana sana ni CompTIA A+, kilichoanzishwa 1993. Kina mitihani miwili, kila mmoja wa dakika 90, na hudumu miaka 3. Ada yake ni mzigo mzito kwa familia inayotegemea majani chai au ndizi.